Mfuko wa Safari

Safari hufunua mambo yaliyositiriwa na mazoea. Watu wawili waweza kukaa mtaa mmoja kwa miaka ishirini, wakasalimiana asubuhi na jioni, wala mmoja asijue uzito wa mfuko wa mwenzake. Lakini wakiandamana siku tatu, wakala pamoja na kulipa pamoja, lililofichika hujitokeza.

Walikuwako marafiki watatu waliosoma darasa moja. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, wa pili mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, na wa tatu tabibu. Katika ujana wao waliahidiana kwenda kuuona Mlima Kilimanjaro pamoja. Maisha yakawatawanya, na ahadi ikakaa kama deni lisilo na mdai. Walipokaribia umri wa miaka hamsini waliazimu kuilipa.

Waliondoka Dar es Salaam alfajiri kwa basi. Wakaipita Korogwe na Mombo, wakaifuata milima ya Upare iliyokuwa mkono wa kulia, wakapita Same na Mwanga. Ndani ya basi hapakuwa na tajiri wala maskini, kwa kuwa viti vyote vilikuwa sawa. Jioni walipoingia Moshi hawakuuona mlima, maana mawingu yalikuwa yameufunika wote. Kulipopambazuka, Kibo ilikuwa imesimama wazi juu ya mji, kilele chake cha mita 5,895 kikiwa cheupe. Mashariki yake ilisimama Mawenzi, mita 5,149, imechongoka na kumeguka kama jino bovu.

Siku hiyo waliizunguka Moshi: soko, stesheni ya reli, na jengo la chama cha ushirika cha KNCU. Tabibu, aliyepata kufanya kazi mkoani humo, aliwaeleza kuwa mwaka 1925 wenyeji waliolima kahawa waliunda chama chao, na mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na KNCU. Mtu mwenye miti michache hakuwa na sauti mbele ya mnunuzi. Kahawa ya wengi ilipowekwa pamoja, sauti ikapatikana.

Mfanyabiashara alipendezwa sana na habari hiyo. “Basi na sisi tuwe ushirika,” alisema. “Kila mtu atie kiasi kimoja katika mfuko mmoja, matumizi yote yatoke humo.”

Walitia sawasawa. Hakuna aliyeona kuwa wawili walitoa sehemu ndogo ya walichonacho, na mwalimu alitoa chote.

Asubuhi ya pili walipanda Marangu kwa njia ya Himo. Waliacha mizigo yao kwa ajuza mmoja aliyefahamiana na tabibu, ambaye kihamba chake kilijaa migomba na mibuni, na mpaka wake ulikuwa ua wa masale. Kisha wakaenda lango la hifadhi, kwa nia ya kutembea hadi vibanda vya Mandara na kurudi siku ile ile. Ada ya hifadhi na ujira wa kiongozi vilipojumlishwa, mfuko haukutosha.

Mfanyabiashara alicheka. “Msihangaike,” alisema kwa sauti, mbele ya viongozi na wageni waliokuwapo. “Tabibu atajilipia, na mwalimu nitamlipia mimi. Mishahara yao si mnaijua!”

Waliosikia walicheka, tena bila ubaya. Mwalimu hakucheka. Kwa miaka thelathini alikuwa akimwita mwenzake “ndugu yangu”. Safari hii alisema, “Ahsante, bwana. Nitawangojea chini.” Akageuka, akateremka.

“Nimekosa nini?” mfanyabiashara aliuliza. “Mtu anatoa, naye analaumiwa?”

“Umetoa,” tabibu alijibu, “lakini umetangaza.”

Wawili hao walipanda katika msitu hadi Mandara, penye kimo cha mita kama 2,700, na hawakuzungumza sana.

Ajuza alimpa mwalimu bakuli la mtori, wala hakumwuliza kwa nini amerudi peke yake. Alipokwisha kula alimsimulia habari ambayo watoto wa mlimani huisikia tangu utotoni: kwamba Kibo na Mawenzi walikuwa majirani, kwamba Mawenzi alikwenda kuomba kaa la moto, akapewa kaa pamoja na chakula, kwamba alirudi tena na tena akidai moto umezimika, hata Kibo akakasirika, akampiga kwa mchi wa kinu. Ndiyo sababu Mawenzi amevunjika hivyo.

“Bibi,” mwalimu aliuliza, “na kama moto wake ungekuwa umezimika kweli?”

“Hapo, mwanangu, kosa lingekuwa la mwenye mchi,” ajuza alisema. “Lakini mtu aliyezimikiwa na moto, akakaa gizani kwa kuona haya kuomba kaa, huyo hakuvunjwa na jirani. Amejivunja.”

Mwalimu aliinamisha kichwa. Hakuwa na nauli ya kurudi, na hakuwa amemwambia mtu.

Jua lilipokuwa likitua wale wawili walirudi. Mfanyabiashara alishika jani la sale lililofungwa fundo. Njiani kiongozi wao alikuwa amemweleza kuwa kwa Wachaga sale si mmea wa mpaka tu. Aliyekosa humpelekea jani lake aliyemkosea, na si desturi jani hilo kukataliwa. Alilinyosha bila hotuba, naye alikuwa mtu wa maneno mengi.

Mwalimu alilipokea. “Ndugu yangu,” alisema, “keti ule. Kisha nina neno la kukuambia: nauli ya kurudi sina.”

Mfanyabiashara aliketi, akala. Kesho yake tiketi tatu zilinunuliwa, na habari ya tiketi haikutajwa tena mpaka Dar es Salaam.

Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kusema huko ni kweli, ila ni nusu ya jambo. Kupokea nako ni moyo, tena pengine ni moyo mkubwa zaidi, kwa kuwa mtoaji hupungukiwa na fedha, na mpokeaji huombwa apungukiwe na kiburi. Rafiki mwema hutoa pasipo kumvua mwenzake nguo mbele ya watu. Na rafiki mwema husema “sina” kabla giza halijamwingilia. Marafiki wale hawakufika kileleni, wala mmoja wao hakufika hata Mandara. Lakini walirudi wakiwa watatu.