Siku niliyompeleka binti yangu baa

Nilipokuwa na miaka tisa, kazi yangu ya jioni ilikuwa kwenda baa kumwita baba. Mama aliniambia, "Kamwambie chakula tayari." Chakula kilikuwa tayari tangu saa moja, mimi nilitumwa saa tatu. Nilisimama mlangoni kwa sababu niliona haya kuingia, mpaka mhudumu mmoja anione na kwenda kumgusa baba begani. Siku nyingine alitoka tukaondoka wote. Siku nyingine aliniagizia soda, nikakaa nayo juu ya kreti la bia mpaka usingizi ukanichukua.

Nilipojifungua binti yangu niliweka nadhiri: huyu hatakanyaga baa, iwe kwa kutumwa au kwa kupelekwa. Miaka kumi niliishika. Desemba iliyopita niliivunja, tena mbali na nyumbani, huko Buffalo, jimbo la New York, Marekani. Aliyenishawishi ni kaka yangu mkubwa, ambaye naye alitumwa kwenye baa zile zile.

Kaka anaishi West Side, upande wa mji ambako familia nyingi za wakimbizi kutoka Congo na Burundi zimepewa makazi. Siku ya kwanza tu, tukiwa dukani, tulimsikia mama mmoja akimgombeza mwanawe kwa Kiswahili kwa sababu amevua kofia. Binti yangu alicheka njia nzima. Hakutegemea kukuta lugha ya kwao katikati ya theluji.

Na theluji ya Buffalo si mchezo. Mji upo kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie. Mwanzoni mwa majira ya baridi, maji ya ziwa bado yana joto kidogo kuliko hewa, hivyo upepo baridi unaopita juu yake unabeba unyevu na kuumwaga nchi kavu kama theluji. Kwa siku tatu tulikaa ndani tukila ugali na kuangalia dirishani. Siku ya nne kaka akasema, "Leo nawapeleka kula baa."

Nilimtazama nikidhani anatania. Kaka hanywi pombe hata tone, na sababu naijua.

"Twende uone kwanza," akasema. "Usipopapenda, tunageuza gari."

Baa yenyewe inaitwa Schwabl's, ipo West Seneca, jirani kabisa na Buffalo. Inahesabu umri wake tangu mwaka 1837, ilipoanzishwa na ukoo wa Schwabl, na hapo ilipo sasa imekuwapo tangu 1942. Ukipita kwa haraka utadhani ni nyumba ya mtu. Tulifika saa kumi na moja jioni, kukiwa kumejaa tayari, watu wamesimama na makoti yao wakisubiri meza. Niliwahesabu watoto kwa mazoea ya mama: saba, mmoja akiwa bado ananyonya.

Harufu iliyotupokea ilikuwa ya nyama. Mtu aliyevaa aproni alikuwa amesimama mbele ya pande kubwa la nyama ya ng'ombe iliyookwa nzima, akilikata kwa kisu kirefu, vipande vyembamba kama karatasi. Hakukuwa na muziki wa kuzuia watu kuongea. Meza ya jirani babu mmoja alikuwa na wajukuu wawili, akimkatia mdogo mkate vipande vinavyoingia mdomoni. Glasi yake ya bia ilikuwa pembeni, imefika nusu, na haikuongezwa mpaka walipoondoka. Najua kwa sababu niliiangalia muda wote.

Chakula kinachowaleta watu pale ni sandwichi ya nyama wanayoiita "beef on weck". Weck ni neno la Wajerumani wa kusini, maana yake skonzi. Jina kamili la mkate huo ni kummelweck, na kummel ni kisibiti, zile mbegu zinazofanana na bizari nyembamba ya pilau. Juu ya skonzi wanapaka chumvi ya mawe na kisibiti, kisha wanaioka mpaka chumvi ishike. Kifuniko cha juu kinachovywa kidogo kwenye mchuzi wa nyama, na katikati inalundikwa nyama nyingi kiasi kwamba lazima ushike kwa mikono miwili. Pembeni unapewa tango la achari na saladi ya viazi. Pia kuna mzizi mweupe uliokunwa, wa jamii ya haradali. Huo usimpe mtoto bila kumwonya. Mimi niliuweka mwingi nikidhani ni kachumbari, ukanipanda puani mpaka machozi yakatoka, na meza nzima ikacheka.

Jambo jingine kwa mzazi: nyama hiyo kwa kawaida inaletwa ikiwa nyekundu katikati. Ukitaka iliyoiva kabisa, hasa kwa mtoto, sema mapema nao wanakukatia sehemu ya pembeni. Wanauza pia sandwichi ya nyama ya nguruwe, hivyo kwa wasioila ni vizuri kuuliza kabla ya kuagiza.

Wajerumani walifikaje huku? Mwaka 1825 ulikamilika Mfereji wa Erie, ulioliunganisha ziwa na Mto Hudson unaoshuka hadi jiji la New York. Buffalo ikawa bandari ya nafaka, kazi zikawa nyingi, na wahamiaji kutoka Ujerumani wakaja na ufundi wao wa kuoka mikate na kutengeneza bia. Kuhusu chumvi ile juu ya mkate, watu wa Buffalo wana simulizi. Wanasema mwenye baa mmoja wa zamani ndiye aliyeitaka, ili wateja wake wakila washikwe na kiu, na wakishikwa na kiu wanunue bia zaidi.

Kaka alipotusimulia hilo aliweka sandwichi chini, akaikung'uta chumvi kwa kidole.

"Kumbe huu ni mtego wa watu kama baba," akasema.

Sikuwahi kumsikia akimtaja baba hivyo mbele ya mtoto. Binti yangu, ambaye masikio yake hayapitwi na kitu, akauliza papo hapo, "Kwani babu naye alikuwa anakula baa?"

Babu yake alifariki kabla hajazaliwa. Anamjua kwa picha moja ya ukutani, amevaa suti. Kila alipouliza habari zake nilimjibu kwamba alikuwa fundi hodari wa cherehani, jambo ambalo ni kweli, nikaishia hapo. Siku ile sikuwa na pa kukimbilia. Nje kulikuwa na theluji, na sahani zetu zilikuwa bado nusu.

Nikamwambia. Nilimweleza habari za mlango, za yule mhudumu na za kreti la bia. Kaka akaongeza ambayo mimi sikuyajua, kwamba kabla yangu yeye ndiye aliyekuwa akitumwa, na kwamba usiku mmoja alimkokota baba njiani peke yake, akiwa darasa la sita. Miaka yote hii hatukuwahi kuambiana.

Binti yangu alinyamaza, kisha akauliza, "Mama yake hakuwa anamfuata mwenyewe?"

"Bibi yako alikuwa anaogopa," nikasema.

"Na wewe hukuogopa?"

"Niliogopa sana."

Akasukuma tango lake la achari mpaka kwenye sahani yangu. Anapenda achari kuliko nyama, kwa hiyo nilielewa.

Tulirudi nyumbani saa moja kasoro. Njiani nilijiuliza kilichonifanya nitulie mahali ambapo kwa miaka kumi nilikuwa nimepakataza. Sheria yao inasaidia: huko hakuna kuuziwa pombe kabla ya miaka 21, wakati kwetu ni 18, na mtoto anaketi na mzazi wake kula. Lakini mambo niliyoyaona mimi ni madogo zaidi. Watu walikuwa wamekuja kula, na bia ilifuata chakula. Mtoto alikuwa na kiti chake na sahani yake mwenyewe. Wazazi walikuwa wanawatazama watoto, hawakuwa wanatazama kaunta. Na chakula kilipoisha walivaa makoti wakaondoka, ingawa bado kulikuwa mapema.

Sisemi kwamba Wamarekani hawalewi. Nao wana walevi wao, na wana watoto wanaosimama milangoni. Ninachosema ni kwamba yule babu na wajukuu zake wamenipa kipimo ambacho naweza kurudi nacho nyumbani.

Maana na sisi, mzazi mwenzangu, tunakwenda. Jumapili mchana Dar es Salaam nenda sehemu yoyote ya nyama choma uone: familia zimekaa, mishikaki iko jikoni, ndizi zinachomwa, watoto wanakimbizana kati ya meza. Hilo halina ubaya. Ubaya unaanza pale sahani zinapoondolewa na chupa zinaendelea kuja, spika zinafunguliwa, na mtoto aliyeahidiwa "tunaondoka sasa hivi" anaambiwa hivyo kwa mara ya nne.

Siku hizi nakwenda naye. Tunafika saa saba mchana, tunaagiza, tunakula, na jua likianza kushuka tunanyanyuka. Tumekubaliana hivyo, na yeye ndiye mwenye kuangalia saa.

Mwezi uliopita tulichelewa kidogo kwa sababu nyama ilikawia. Wakati tunalipa, binti yangu alinivuta mkono. Meza ya pili kulikuwa na mtoto wa kiume wa kama miaka mitano, amelala kwenye kiti cha plastiki, kichwa kimening'inia, chupa ya soda mkononi. Baba yake alikuwa kaunta na wenzake, ametupa mgongo.

"Mama," akaniambia polepole, "hapa hakuna mtu wa kwenda kumgusa begani?"

Nikamwachia mkoba wangu, nikaenda.