Kaimati Moja Tu

Sisi tuishio na maradhi ya sukari hapa Shauri Moyo twajua kuwa njaa huanzia puani. Asubuhi ni harufu ya mahamri vibandani, jioni moshi wa nyama choma kutoka soko la Burma. Tumbo limeshiba, lakini nafsi yadai ilichozoeshwa.

Kipimo cha Mtume (s.a.w.), theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi, tulikihifadhi chuoni tungali wadogo. Hata hivyo, mazoea hayashindwi mbele ya kaimati zilizokwisha kuloa shira. Hushindwa sokoni na jikoni, kabla chakula hakijapakuliwa. Basi tuliwaomba watu wa nyumbani sahani ndogo, mboga kwanza, ugali kiasi cha ngumi. (Ugali, wali na chapati navyo hugeuka sukari mwilini, wengi hukwepa peremende tu wakadhani wamesalimika.)

Lililo zito zaidi ni huruma ya jamaa. “Sheikh, moja tu, nimekupikia wewe,” husema shemeji yetu, na kukataa kwaonekana kiburi. Akina mama, mgonjwa akisema imetosha, msimwapize. Tulimweleza shemeji hayo kwa upole, mara tatu. Siku hizi hutukaribisha kwa kahawa chungu, na mazungumzo yamerefuka.