Jogoo wa Bwana Mkubwa hawiki, lawama kwa mke!

Msomaji wangu, ndoa ikikaa miaka bila mtoto, nani ananyooshewa kidole? Mke. Mume yeye anakunywa bia yake kwa amani, na hakuna anayethubutu kuuliza kama jogoo wake anawika.

Ndiyo maana tafsiri ya Kiingereza ya mchezo wa kuigiza uitwao Jokumaraswamy ilipoingia mikononi mwangu, niliimaliza usiku uleule. Aliyeuandika ni Chandrashekhara Kambar, mshairi wa Kikannada, lugha ya watu zaidi ya milioni 40 huko Karnataka, kusini mwa India. Alizaliwa mwaka 1937 katika kijiji cha Ghodageri, wilaya ya Belgaum, kwenye ukoo wa wahunzi. Jina lake lenyewe ni la kazi hiyo ya kufua chuma. Mtoto wa mhunzi akafika hadi kufundisha Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Huko wengine wangerudi na tai na pua juu. Kambar alirudi na kuendelea na ngoma na michezo ya uwanjani ya kijijini kwao, ile ya kukesha, na akaitilia mambo ya leo.

Sasa sikia kisa. Jokumaraswamy ni mungu wa uzazi na mvua. Kila mwaka akina mama humfinyanga kwa udongo, wakamtia kikapuni na kumpitisha nyumba kwa nyumba huku wakiimba. Maisha yake ni siku chache tu, kisha anakufa. Inaaminika kuwa tunda moja refu jembamba kama nyoka, la jamii ya mung'unye, likipikwa kwa heshima ya mungu huyo na mume akalishwa, mke atashika mimba.

Katika mchezo yupo Gowda, bwana mkubwa wa kijiji. Ana bunduki, ana vibaraka, mashamba ya watu amenyang'anya. Anajigamba kwa wanawake, kumbe chumbani hakuna kitu. Mkewe, katika kuhangaika na utasa asio nao, anakwenda kwa kahaba wa kijiji kutafuta dawa hiyo. Hapo nilicheka, kisha nikanyamaza. Mke wa tajiri amekaa na kahaba, na wote wawili wanamjua Gowda kuliko anavyojijua!

Chakula kikaiva. Usiku huo Gowda alitakiwa awe shambani, kwenye kipande ambacho kijana Basanna amekilima na anakataa kukiachia. Mama wa watu akabeba chungu chake gizani. Aliyekuta huko ni Basanna, na ndiye aliyekula. Mimba ikaingia. Gowda alipojua, Basanna akauawa.

Nilimkumbuka shangazi yangu mmoja. Miaka kumi na miwili ya ndoa, mizizi alikunywa, chale alichanjwa, mawifi walimwita mti mkavu. Mume hakwenda kupimwa hata siku moja, eti yeye mzima. Akamwacha, akaoa mwingine, naye hakuzaa. Shangazi aliolewa tena na sasa ana wawili. Mawifi wale hawajaja kuomba radhi mpaka leo.

Kambar yeye alikwenda mbali zaidi ya chumbani. Kwake shamba na mke ni kesi moja: Gowda amevimiliki vyote viwili na hawezi kuvizalisha. Anayezalisha ni mwenye jembe, na ndiye anayepigwa. Mchezo ulitoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati madai ya ardhi kwa anayeilima yamepamba moto India. Mwaka 1991 Kambar alipata tuzo ya Sahitya Akademi kwa mchezo mwingine, Siri Sampige, na baadaye akatunukiwa Jnanpith ya mwaka 2010, ambayo kwa waandishi wa India ni kilele.

Mama watoto nilimsimulia yote. Akasonya. "Kwa hiyo yule kijana ndiye shujaa? Na huyo mama aliyebeba chungu gizani, nani alimuuliza anataka kuzaa na nani?" Nikamwambia mwandishi alikuwa anasema habari za ardhi. Akaniambia, "Mimi si shamba." Nikarudi kuusoma upya, safari hii nikimfuata mke wa Gowda peke yake.