Kitufe Kikibonyezwa Newala

Nilianza ufundi simu Masasi mwaka 1994, mwaka ambao kampuni ya simu ya TTCL ilianza kazi baada ya shirika la posta na simu kugawanywa. Siku zile kazi ilikuwa nguzo, nyaya za shaba na simu za mezani. Wakubwa zangu kazini walinifundisha kutambua hitilafu kwa sikio. Ukibonyeza 5, simu hutoa milio miwili kwa pamoja, mmoja wa hezi 770 na mwingine wa hezi 1336. Mtambo ukiisikia yote miwili, unajua ni tano. Milio hiyo ilipita waya uleule wa sauti.

Simu za intaneti zilipopanda hadi kwetu, mambo yakabadilika. Humo sauti hukatwa vipande vipande na kusafirishwa kwa pakiti. Mfumo wa sauti wa G.711 hula kilobiti 64 kwa sekunde, G.729 hula 8 tu, na kwa kuwa intaneti yetu ilikuwa ndogo, wengi tulitumia G.729. Lakini mfumo huo ulitengenezwa kwa ajili ya usemi wa binadamu. Maneno hufika yakaeleweka, ila milio ya vitufe huharibika njiani. Ndiyo maana mwaka 2000 ukatoka utaratibu wa RFC 2833, uliofuatiwa na RFC 4733 mwaka 2006: kitufe kisafiri kama taarifa, katika pakiti zake chenyewe. Watengenezaji wengine wakapitisha vitufe kwa ujumbe wa INFO wa SIP, lugha inayoanzisha na kukata simu za intaneti. Njia zikawa tatu, na kila kampuni ikashika yake.

Msimu mmoja wa korosho niliitwa kwenye ofisi moja ya wakulima Newala. Simu zao zilikuwa za kampuni moja, mtambo uliokuwa Masasi wa kampuni nyingine. Karani alitakiwa kupiga, kubonyeza namba ya mkulima, kisha mtambo umsomee malipo. Kila mara ulijibu kwamba namba haipo.

"Fundi, nimeibonyeza hivihivi ilivyo kwenye kitabu," aliniambia.

Mzee mmoja aliyetoka Kitangari alikuwa amekaa kwenye benchi. Nilimwamkia. "Marahaba, mwanangu. Kama hela haijatoka, waseme tu, nirudi shambani."

Nikawasha Wireshark, programu ya kutazama pakiti, kwenye kompyuta, nikamwomba karani abonyeze 4 mara moja. Simu ilitangaza kitufe, ikaendelea kukitangaza muda wote kidole kilipokuwa juu yake, kisha ikatuma pakiti ya kufunga mara tatu. Utaratibu unaagiza hivyo, ili moja ikipotea nyingine ifike. Zote tatu hubeba alama moja ya wakati, na anayepokea akiitazama atajua kwamba ni kitufe kilekile. Mtambo wa Masasi haukuitazama. Ulihesabu kila pakiti ya kufunga, 4 ikawa 444.

Nikahamisha simu zote za ofisi ile kwenye SIP INFO, ambayo mtambo uliielewa vizuri. Mzee alisomewa malipo yake kabla ofisi haijafungwa.

Mahali pengine, Masasi mjini, vitufe havikufika kabisa. Pakiti za vitufe hupewa namba ya kuzitambulisha, kati ya 96 na 127, na pande mbili zinapaswa kukubaliana simu inapoanza. Wengi hutumia 101. Simu za pale zilipendekeza 96, mtambo ukaendelea kuingojea 101.

Vijana ninaowafundisha sasa nawaambia wasipokee mitambo kwa sababu tu sauti inasikika. Wabonyeze vitufe vyote 12, haraka na polepole, kutoka simu ya kampuni hii kwenda mtambo wa kampuni ile, kwenye laini itakayotumika kweli, na wafanye hivyo kabla mteja hajalipa. Mkulima wa Newala hazioni pakiti. Anachojua ni kwamba amebonyeza namba yake, na fedha anayoiulizia ni jasho la mwaka mzima. Kumfikishia namba hiyo kama alivyoibonyeza ni wajibu wetu mafundi.