Matundu ya Datsun 240Z

Nikipokea Datsun 240Z ya kufufuliwa, mashine ya kuchomelea haiguswi mpaka nijue kila tundu la bodi limetoka wapi. Navua viti, zulia na dashibodi, nakwangua lami ya sakafuni, kisha nazunguka gari zima na chaki. Tundu la kiwandani lina alama yake, lililotobolewa baadaye lina yake, na nisilolielewa nalizungushia duara. Hayo ya duara ndiyo kazi yenyewe.

Hapa Nairobi yaliyotobolewa baadaye huwa mengi, na chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari Rally kwa 240Z, Shekhar Mehta akafuata wa pili kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1973 Mehta, akiwa na Lofty Drews, alishinda baada ya kulingana pointi za adhabu na Harry Källström, ambaye naye alikuwa kwenye Datsun. Watu binafsi wakatamani. Wakafunga taa za ziada, bamba la kukinga injini chini, raba za matope na vifaa vya msoma ramani, na kila kimoja kikadai tundu lake.

Tundu la kiwandani limekatwa kwa mashine ya kubonyeza bati. Mviringo wake umetimia, na primer imeingia mpaka ndani ya ukingo. La drili lina makapi makali upande wa pili, na kutu imeanzia pale pale ukingoni kwa kuwa hakuna aliyelipaka kitu. Pitisha kidole tu, utajua. Bolti nazo husema. Ya milimita 8 kutoka Japani hufunguliwa kwa spana 12, ya Ulaya huitaka 13. Nikikuta 13 kwenye Datsun, najua kuna mkono uliopita hapo baada ya kiwanda.

Ninachokiona mara kwa mara, na kinaniudhi, ni bodi iliyozibwa matundu yote kwa puti na kuchomelewa ili ionekane safi. Fundi wa namna hiyo huziba hata mashimo ya sakafuni yenye vifuniko vya raba, ambayo kiwanda kiliyaweka kwa makusudi. Gari hilo likipigwa rangi ndipo mwenyewe hugundua kuwa mkanda wa kiti hauna pa kufungwa, wala waya hauna pa kupita.

Gari nililo nalo sasa gerejini lina namba ya chasisi inayoanza na HS30, yaani usukani wa kulia. Mwenye gari ni mama aliyelirithi kwa baba yake, na alitaka lirudi kama lilivyotoka dukani. Upande wa abiria, kwenye mgongo wa sakafu juu ya gia boksi, palikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba, likiwa bado na raba yake iliyopasuka. Mbele yake, kwenye dashibodi, matundu mawili madogo ya skrubu. Nikaingia chini ya gari. Pale kebo ya spidi inapotoka kwenye gia boksi kulikuwa na kiungo cha njia mbili: njia moja inakwenda kwa dereva, nyingine haiendi popote.

Hapo nikajua ninachokitafuta. Ni Halda, kipima umbali cha Uswidi ambacho wasoma ramani walikitumia kuhesabu maili kati ya kona na kona, na ambacho huzungushwa na kebo ya spidi. Spea iliyokosekana haikuwa ya Datsun hata kidogo. Nikampigia simu mwenye gari.

“Mama, marehemu mzee aliwahi kukimbia rally?”

“Sijawahi kusikia, fundi.” Akanyamaza, kisha akasema, “Lakini stoo kuna helmeti mbili.”

Kuna pia matundu ambayo hayapo. 240Z za mwanzo hutoa hewa kupitia mlango wa nyuma. Za baadaye, kuanzia mwaka 1971, kupitia nguzo zilizo nyuma ya madirisha. Gari hili nguzo zake ni bati tupu na mlango wake ni laini, kwa hiyo hewa haina pa kutokea. Mlango huo ulitolewa kwenye gari lililoundwa baadaye. Nimeulizia kwa wauza spea wa Grogan na Kirinyaga Road, bado sijapata wa kwake.

Halda tumekubaliana na mama kwamba mahali pake pabaki wazi, na amenituma nimtafutie moja inayofanya kazi. Nilifurahi sana aliposema hivyo. Kwa maoni yangu gari lililotobolewa na mwenyewe kwa ajili ya barabara za hapa lina haki ya kubaki na ushahidi wake kuliko kufanana na picha ya kijitabu cha mauzo.

Limebaki duara moja la chaki, ndani ya madigadi ya kushoto: matundu mawili, nyuzi za bolti zikiwa safi, na rangi ya asili haijapauka katika umbo la pembe nne. Kitu kilikaa hapo miaka mingi. Nimeyapaka primer na kuyaziba kwa raba za kusukuma kwa kidole, ili bodi ipigwe rangi bila kumngojea atakayenitambulia kitu hicho.