Kinga Yangu, Ugonjwa wa Kaka

Nilipokuwa mdogo Kilifi, nyanya alikuwa akisema malaria inaniogopa. Watoto wa jirani walilazwa, wengine wakaongezewa damu. Mimi nilishikwa na homa siku mbili tatu, kisha nikarudi mchangani kucheza. Kaka yangu Kahindi hakuwa na bahati hiyo. Yeye alikuwa na selimundu. Usiku wa mvua viungo vilimuuma, mama akamkanda kwa maji ya moto mpaka alfajiri. Alifariki akiwa na miaka 9.

Nilielewa nilipopima damu chuoni. Mimi nimerithi jeni moja ya selimundu. Kahindi alirithi mbili, moja kwa baba, moja kwa mama. Jeni moja humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi wake mwaka 1954. Kilichonilinda mimi ndicho kilichomuua kaka yangu. Niliishi na hesabu hiyo kama deni.

Baadaye nikasoma utafiti uliotoka katika jarida la Nature, wa watoto waliougua malaria kali Gambia na hapa kwetu Kilifi. Watafiti walizisoma jeni za watoto pamoja na za vimelea vilivyokuwa katika damu yao. Wakakuta vimelea havifanani. Baadhi vina tofauti katika sehemu tatu za vinasaba vyao, na mbele ya vimelea hivyo ile kinga ya selimundu karibu haifui dafu. Tena huonekana zaidi pale ambapo jeni ya selimundu imeenea. Damu yetu ilijifunza kujilinda. Inaelekea adui naye hakulala.

Nilifunga kompyuta nikiwa na uchungu. Kwa hiyo hata ile bei aliyolipa Kahindi hainunui usalama wa kudumu?

Mwezi uliopita mchumba wangu alipima. Naye ana jeni moja. Kila mimba, nafasi moja kati ya nne ya kumpata Kahindi mwingine. Nilimpigia mama. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, mimi na baba yako hatukujua. Nyinyi mnajua. Kaeni chini mzungumze."

Tumezungumza mara mbili. Tarehe ya harusi bado hatujaipanga.