Dau la Pupa
Kijana mmoja mwendesha bodaboda, jirani yangu hapa Bwaise, aliniuliza: "Mwalimu, tukicheza poka, mwenzangu akaweka fedha zake zote kwa pupa, nimfuate?" Nilimwandikia hesabu. Mezani pana shilingi 20,000. Mwenzako anaongeza 20,000. Wewe utalipa 20,000 ili upate 40,000. Basi ukishinda mara 1 katika 3, hupati faida wala hasara. Pupa yake huongeza nafasi yako, lakini haikupi hakika. Ikiwa dau lako ni kodi ya nyumba, kushindwa mara moja kwatosha kukutoa nje, hata hesabu ikiwa sahihi. Tena sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inawakataza kucheza kamari walio chini ya miaka 25. Kijana huyu ana miaka 22.